Mbu Tumemjua, Sheshe Je?

Katika Bonde la Kilombero hakuna kiumbe anayejulikana kwa undani kama mbu wa malaria. Inajulikana anakula nini, anapandana wapi na saa ngapi, anataga katika maji ya namna gani, na maji hayo yanatakiwa yakae muda gani bila kukauka ili yai liwe mbu kamili. Ujuzi huo umekusanywa katika mji wa Ifakara kwa zaidi ya miaka 60, katika taasisi ambayo leo inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Ilianza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa Basel.

Katika bonde hilohilo anaishi sheshe, mnyama wa jamii ya kuro, mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu iliyokolea wekundu. Bonde lilipoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, likiwa na takriban hekta 797,000, maelezo yake yalisema karibu robo tatu ya sheshe wote waliobaki duniani wako hapo. Wengine wako Zambia na nchi chache za jirani yake. Idadi yao inapungua. Lakini ukiuliza sheshe anahitaji nini hasa kwa mwaka mzima, mwezi wa Februari na mwezi wa Oktoba, akiwa na mimba na akiwa na ndama, utapewa majibu ya jumla: majani, maji, utulivu.

Naandika makala haya kwa sababu naamini tofauti hiyo ndiyo inayolimaliza bonde. Tunahesabu wanyama, tunapima eka, tunaweka mabango ya mipaka. Mambo yanayomwezesha kiumbe kuishi na kuzaa, ambayo mara nyingi ni madogo na yana majira yake, tunayajua vizuri pale tu tunapotaka kumuua kiumbe huyo.

Tuanze na mbu basi, maana ana mengi ya kutufundisha. Dume la mbu halinyonyi damu hata tone. Linaishi kwa utamu wa maua na utomvu wa mimea. Jike naye hunyonya utamu huohuo ili apate nguvu ya kuruka, ila damu anaihitaji kwa kazi moja, kutengeneza mayai. Bila damu hakuna uzazi. Jioni, jua likizama, madume hukusanyika hewani kama wingu dogo juu ya kiwanja kitupu au kando ya nyumba, na majike huingia humo kutafuta dume. Watafiti wa Ifakara wameyatafuta makundi hayo katika vijiji vya Kilombero na Ulanga, wakasimama chini yake na nyavu zao.

Kisha yanakuja maji. Mbu aitwaye Anopheles arabiensis hupenda maji ya wazi yanayopigwa na jua: alama za kwato za ng'ombe, madimbwi ya barabarani, majaruba ambamo mpunga ungali mchanga. Mwenzake, Anopheles funestus, hayataki hayo. Yeye hutafuta maji yanayodumu: visima vidogo vya chemchemi, mabwawa yenye majani pembeni, vijito vinavyotembea polepole. Viluwiluwi vyake hukaa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuwa mbu, kwa hiyo dimbwi la siku kumi halimfai. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya bonde hili umeonyesha kwamba funestus, ingawa ni wachache kuliko arabiensis, ndio wanaosababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria.

Uzito wa habari hiyo ni huu. Maji yanayodumu kiangazi ni machache na yanaonekana. Yanaweza kutafutwa moja baada ya jingine, yakawekwa dawa au yakafukiwa. Ukishajua kiumbe anategemea nini, umejua pa kumkaba. Na aliyejua pa kumkaba amejua pia pa kumwokoa, kama angetaka.

Sasa tulitazame bonde lenyewe. Kusini-mashariki mwa safu za Udzungwa ardhi inashuka ghafla na kuwa tambarare pana isiyo na mwisho machoni. Mito inateremka kutoka nyanda za juu: Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Ruipa, Lumemo na mingine mingi, yote ikiingia Mto Kilombero. Mvua huanza Novemba au Desemba, na kufikia Machi na Aprili mto umeshatoka kwenye kingo zake, mbuga imegeuka ziwa. Kwa mkazi wa mjini Ifakara jambo hili si la kusifia tu. Lumemo ukifurika maji yanaingia majumbani, vyoo vinajaa, watoto hawaendi shule. Lakini maji hayohayo yakikosekana, bonde linakufa. Kila kiumbe wa hapa amepanga maisha yake kwa kufuata kupanda na kushuka kwa mto.

Mpunga ni mfano ulio karibu nasi, maana mchele wa Ifakara umefika mezani kwa wengi wanaosoma makala haya. Mmea wa kawaida ukizamishwa mizizi kwenye tope kwa wiki kadhaa hufa kwa kukosa hewa. Mpunga haufi kwa sababu bua lake lina njia za wazi ndani zinazoshusha hewa kutoka majanini hadi mizizini. Chuma bua moja, likate kwa wembe, utaziona njia hizo kwa macho. Tope lililoletwa na mto nalo lina rutuba ambayo mkulima hakuinunua dukani, na maji yanayofunika jaruba yanazuia magugu mengi kuota. Maji, rutuba na kinga ya magugu: vitu vitatu kwa mkupuo, na vyote vimeletwa na mafuriko.

Lakini mpunga nao una saa yake ya hatari. Wakulima husema mpunga umebeba mimba suke linapokuwa bado limefichwa ndani ya jani. Suke likishatoka, kila ua dogo hufunguka asubuhi, kwa kawaida kati ya saa tatu na saa sita, na hukaa wazi kwa muda wa kama saa moja tu. Ndani ya saa hiyo chavua inatakiwa idondoke, ikue, ifike panapohusika. Joto likizidi nyuzi 35 saa hiyo, au mmea ukiwa umeishiwa maji, ua linafunga bila kutunga. Mkulima haoni kitu. Shamba linabaki la kijani, masuke yamesimama wima badala ya kuinama, na siku ya kupepeta ndipo anagundua kwamba nusu ya kazi yake ni makapi. Kati ya gunia la mpunga na ghala tupu ipo hiyo saa moja ya asubuhi.

Samaki wanafuata ratiba nyingine. Kambale hazai mtoni kwenye maji makuu. Mvua za kwanza kubwa zikinyesha na maji yakianza kutambaa juu ya majani ya mbugani, kambale wakubwa huyafuata usiku hadi kwenye kina cha goti, na mayai yao hunata kwenye majani yaliyozama. Siku moja au mbili yanaanguliwa. Vifaranga vinakuta chakula kimeshaandaliwa, kwa maana majani yanayooza yamezaa wadudu wadogo wasiohesabika, na maji ya kina kifupi yamepata joto zuri la kukulia. Mto ukirudi chini kuanzia Juni, samaki wadogo wanarudi nao, na wavuvi wa Kindamba wameshatega migono yao kwenye vijito vinavyomwaga maji ya mbuga kurudi mtoni.

Utaona basi kwamba samaki wa Kilombero wanategemea majani ya nchi kavu. Mbuga ikilimwa yote na kuchomwa yote, au tuta likijengwa kuzuia maji yasitambae, mto utabaki na maji lakini hautakuwa na kambale. Lipo jambo jingine linaloniuma. Chandarua kilichogawiwa kumkinga mtoto na malaria kikigeuzwa kokoro na kuburuzwa kwenye maji haya ya kina kifupi, kinazoa vifaranga kabla havijafika urefu wa kidole. Kitambaa kimoja kinawanyima watu kinga ya mbu na kitoweo cha mwaka unaofuata.

Turudi kwa sheshe. Yeye huishi kati ya mto na msitu wa miombo, kwenye ukanda wa majani mafupi ambao haukai mahali pamoja. Masika maji yanapopanda, anasukumwa kwenda pembezoni, karibu na miti. Kiangazi maji yanaposhuka, anayafuata, akila chipukizi zinazoota kwenye tope lililoachwa bichi. Ndiyo maana anaweza kula majani mabichi Septemba wakati nchi nzima imekauka. Jike huzaa ndama mmoja, na ndama huyo hamfuati mama yake siku za mwanzo. Hulala amejificha kwenye majani marefu, na mama huja kumnyonyesha kisha huondoka. Kwa hiyo sheshe anahitaji majani ya aina mbili yaliyo jirani, mafupi ya kula na marefu ya kumficha mtoto. Anahitaji pia nafasi ya kupanda na kushuka na maji bila kukutana na ukuta.

Ukuta umejengwa, na hakuna mmoja aliyeujenga. Pembezoni mwa mbuga, pale sheshe alipokimbilia masika, sasa kuna mashamba na vijiji. Katikati, pale alipokula kiangazi, wameingia ng'ombe. Wafugaji, wengi wao Wasukuma waliotoka mikoa ya Ziwa wakitafuta malisho, walileta mifugo bondeni kwa sababu ileile inayomleta sheshe: majani mabichi wakati wa ukame. Sitawalaumu kwa kuona kilicho wazi. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali ilifanya operesheni kubwa ya kuondoa mifugo, nayo ikaacha maumivu na malalamiko ambayo bado yanasimuliwa. Mwaka 2023 Pori la Akiba Kilombero likatangazwa katika eneo lililokuwa sehemu ya pori tengefu. Ni hatua kubwa. Ila mpaka wa pori umechorwa mahali pamoja, na sheshe anaishi mahali pawili kwa mwaka. Kama mpaka unabeba malisho ya kiangazi na kuacha nje kimbilio la masika, au kinyume chake, tutakuwa tumelinda nusu ya mnyama.

Kuna ndege ambaye hata nusu hiyo hana. Mnana wa Kilombero alitambulishwa rasmi kwa sayansi mwaka 1990. Dume lake ni la manjano lenye uso mweusi, na ndege huyu hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye mabwawa na kingo za mto katika bonde hili, likiwemo eneo la karibu na Ifakara ambako zamani watu walikuwa wakisubiri kivuko. Husuka kiota chake kwenye matete yaliyosimama majini, ambako nyoka na nyani wanapata shida kufika. Matete hayo kwetu ni ua, ni paa, ni jamvi, na pembeni ya mto ni kitu cha kufyeka ili shamba lipate maji. Mwaka 2021 ndege wengine wawili wadogo wa kahawia, waliokuwa wakijulikana na wataalamu kwa miaka mingi bila jina la kisayansi, walipewa majina yao. Nao ni wa majani na matete ya bondeni humuhumu. Tunaendelea kuandikisha wakazi wa nyumba huku tukivunja kuta zake.

Wasomaji wengine watauliza kama inawezekana kweli kiumbe kizima kife kwa kukosa kitu kimoja. Jibu liko Kihansi, upande wa magharibi wa bonde, mto unapoporomoka kutoka Udzungwa kupitia korongo la mita mamia kadhaa. Chini ya maporomoko hayo, kwenye eneo la kama hekta mbili tu, manyunyu ya maji yalikuwa yakilowesha majani mchana na usiku mwaka mzima. Ndani ya manyunyu hayo, mwaka 1996, waligunduliwa vyura wa rangi ya manjano wasiofika sentimita tatu. Vyura hawa hawatagi mayai majini kama wenzao. Huzaa watoto waliokamilika, wadogo kiasi cha kukaa juu ya kucha. Mahitaji yao yalikuwa machache: unyevu usiokatika, ubaridi wa korongo, na vidudu vya kwenye majani mabichi.

Wakati huo ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 180 ulikuwa unaendelea juu ya korongo. Nchi ilikuwa na kiu ya umeme, na Kihansi imetuwashia taa hadi leo. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mwishoni mwa 1999 na mwanzoni mwa 2000, sehemu kubwa ya manyunyu ilikoma. Desemba 2000 vyura 499 walichukuliwa na kupelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakatunzwa pia Toledo, Ohio. Huku nyumbani yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga maporomoko, na kwa muda vyura wakaonekana kuongezeka hadi kukadiriwa maelfu. Mwaka 2003 idadi ikaanguka ghafla. Kuvu inayoshambulia ngozi ya vyura ilikutwa kwenye miili yao. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Huko Marekani watunzaji walilazimika kujifunza upya kile ambacho korongo lilikuwa likikifanya lenyewe: maji ya namna gani, mwanga kiasi gani, joto gani, wadudu wa ukubwa gani. Wengi wa vyura wale wa kwanza walikufa kabla jibu halijapatikana. Waliosalia wakazaa, na mwaka 2010 baadhi wakaletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Wapo Watanzania wanaolalamika hadi leo kwamba fedha nyingi zilitumika kwa ajili ya vyura. Mimi nawaelewa, lakini nawaomba wauangalie mkondo wa matukio. Gharama haikutokana na chura. Ilitokana na kuchelewa kumjua. Chura aligunduliwa mradi ukiwa umeshaanza, na mahitaji yake yakachunguzwa manyunyu yakiwa yameshakatwa.

Tembo wana bahati zaidi kidogo kuliko chura, kwa kuwa mahitaji yao yanaonekana kwa mbali. Tembo mkubwa hunywa zaidi ya lita 100 za maji kwa siku na kula zaidi ya kilo 100 za majani, magome na matunda. Hakuna msitu mmoja unaoweza kumlisha mwaka mzima, lazima atembee. Kwa vizazi vingi tembo walivuka bonde kati ya Udzungwa na eneo lililokuwa Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kwa njia za Ruipa na Nyanganje. Njia hizo zikazibwa na mashamba, na tembo asiye na njia huishia kwenye mpunga wa mtu. Karibu na Mang'ula, kwa makubaliano na vijiji, ushoroba unarudishwa, na chini ya barabara ya Kidatu kwenda Ifakara imejengwa njia ya tembo kupita. Wanavijiji walioachia ardhi yao kwa ajili hiyo wanastahili kulipwa kikamilifu na kwa wakati, kwa sababu wao ndio waliobeba mzigo wa taifa zima.

Kwa aliye Dar es Salaam na anayedhani haya ni ya watu wa Kilombero, taarifa ni hii. Mto Kilombero ndio unaotoa zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji. Maji yanayohifadhiwa mbugani na kuachiwa polepole ndiyo yanayofika kwenye Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kisha yanakwenda kwenye delta, kwenye mikoko ambamo kamba wetu wanakulia. Ardhioevu ikikaushwa, maji yatakuja yote kwa mkupuo masika na kutoonekana kiangazi. Swichi ya taa ya Kariakoo imeunganishwa na majani ya Mngeta na Malinyi kule bondeni.

Mambo ya kufanya yanajulikana, na mengine yameshaandikwa kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mita 60 za matete pande zote za mto zingetosha kumpa mnana mahali pa kusukia na kambale mahali pa kutagia, huku kingo zikishikwa na mizizi zisimomonyoke. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, inayochorwa kila mwaka kwa fedha za serikali na wafadhili, iandike pia majira: wapi maji yanafika Machi, wapi majani yanabaki mabichi Septemba, wapi wanyama wanapita na mwezi gani. Wazee wa Kindamba, Kipogoro na Kimbunga wanayajua haya bila ramani, na wafugaji nao wanajua ng'ombe wanahitaji nini na lini. Waitwe mezani kabla mpaka haujachorwa.

Na kwa vyuo vyetu, kwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) pale Morogoro na kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naomba jambo moja. Pelekeni vijana Kilombero wakamchunguze sheshe kama Ifakara inavyomchunguza mbu: usiku na mchana, masika na kiangazi, jike na ndama wake. Wapeni miaka kadhaa, kwa kuwa likizo moja haitoshi. Na wakileta majibu, halmashauri za bonde hili ziyasome kabla ya kugawa eka nyingine ya mbuga.